Mtoto mwenye ualbino si kipofu

Huku Mwanza bado nasikia wazazi wakiambiwa: "Huyu haoni, mpelekeni akasome nukta nundu," yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Si kweli. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu tu, na maandishi ya kawaida wanayasoma yakikuzwa au yakisogezwa karibu. Upungufu wa melanini (rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho) huathiri ukuaji wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ndiyo maana miwani peke yake haimalizi tatizo. Ukimkuta ameinamia daftari mpaka pua inagusa karatasi, tafadhali usimkemee. Kusogeza hakuharibu macho. Kinachomtesa ni mwanga mkali, na jua la huku ziwani mnalijua! Mwalimu, mkalishe mbele, dirisha liwe mgongoni kwake, mruhusu kofia hata darasani, na kila unachoandika ubaoni kisome kwa sauti. Mtihani wake uchapwe kwa herufi kubwa.