Mashine ya CPAP inapuliza sawasawa? Dhana potofu na ukweli wake

Mzee mmoja aliniletea mashine yake imefungwa kwenye khanga, kaishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii imekwisha. Zamani ilikuwa ikinipuliza mpaka machozi yananitoka, sasa hivi hata siisikii."

Nikaichomeka, nikaipima. Daktari alikuwa ameiweka kwenye presha ya 11 (ni sentimita za maji, nitaeleza mbele), na 11 ndiyo iliyotoka. Mashine haikuwa na kosa. Aliyebadilika ni mzee mwenyewe: mwili wake ulishaizoea ile hewa, kama anayeishi jirani na mashine ya kusaga anavyoacha kusikia mlio wake.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na sijaona kifaa kinachosingiziwa kama CPAP. Ikiwa nzima huambiwa mbovu, ikiwa mbovu husifiwa. Ni kiboksi chenye feni kinachopuliza hewa ya kawaida ya chumbani (si oksijeni, ingawa wengi huamini hivyo) kupitia mpira mpaka kwenye barakoa, ili koo la mtu anayekatikiwa na pumzi usingizini lisijifunge. Hewa inalishikilia koo wazi kutoka ndani. Ikipungua, koo linajifunga na mtu anarudi kukoroma na kushtuka usiku kucha, huku anaamini anatibiwa. Ndiyo maana kuhakikisha presha si jambo la kukisia.

"Kioo kinaonyesha 10, basi ni 10"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na hata baadhi yetu mafundi tunaingia mkenge.

Namba ya kwenye kioo ama ni ile iliyoagizwa, ama ni ile ambayo kihisi cha ndani ya mashine kinadhani kinaiona. Kihisi hichohicho ndicho kinachoiambia feni ongeza au punguza. Kwa hiyo kikikosea, feni inafuata kosa, na kioo kinalithibitisha kosa. Mshtakiwa na shahidi ni mtu mmoja. Tena mashine inapima huko kwake, ndani ya boksi, wakati wewe unapumulia upande wa pili wa mpira wenye urefu wa karibu mita 2. Kilicho katikati, inakikadiria kwa hesabu.

Ushahidi wa kweli unatoka nje ya mashine, na uzuri ni kwamba namna ya kupima imo ndani ya jina la kizio chake. Presha ya CPAP huhesabiwa kwa sentimita za maji. Chukua mrija wa soda, uzamishe sentimita 10 ndani ya glasi ya maji, kisha puliza mpaka povu la kwanza litoke chini. Nguvu uliyotumia hapo ndiyo 10. Manesi wa wodi za watoto njiti wanalijua hili bila kufundishwa na mimi: CPAP ya mapovu wanayowawekea wachanga hupangwa kwa kina cha bomba ndani ya chupa ya maji, sentimita 5 ni presha ya 5.

Karakana tuna manomita (kipima presha) ya dijitali, lakini mteja akiwa na wasiwasi humwonyesha kwa jagi. Kwanza nazima ile huduma ya kuanza taratibu na ile ya kulegeza wakati wa kutoa pumzi, nitazieleza mbele. Kati ya mpira na barakoa naweka kile kiungo chenye kitobo cha pembeni kinachotumika kuingizia oksijeni. Kwenye kitobo nachomeka mpira mwembamba wa dripu. Mteja anakaa kitini, anavaa barakoa kama anavyolala nayo, anafunga mdomo. Jagi la plastiki linaloonyesha ndani nimeliweka sakafuni, rula ya shule imesimama ndani yake. Natumbukiza ncha ya mpira wa dripu majini na kuizamisha polepole kando ya rula. Sentimita 4, mapovu yanatoka mfululizo. Saba, bado. Tisa, yanatoka moja moja. Namwambia abane pumzi sekunde chache, maana kila akivuta hewa presha inatikisika kidogo. Kwenye 10 mapovu yanakoma. Kina kile, kuanzia uso wa maji hadi kwenye ncha ya mpira, ndicho presha inayofika puani kwake.

Jagi liwe sakafuni, na mashine iwe inawaka muda wote mpira uko majini. Ukiizima huku mtu bado anavuta pumzi, maji yatapanda kwenye mpira. Na usitumbukize mpira mkubwa wa mashine kwenye maji hata kwa mzaha.

Tofauti ya nusu sentimita isikukoseshe usingizi. Rula ya shule na jicho la binadamu vina makosa yao. Ikifika moja na kuzidi, na umerudia mara tatu, mashine iende kwa fundi mwenye kipimo kilichohakikiwa.

Kuna wanaotumia mpira uliokunjwa kama herufi U, nusu umejaa maji. Nao ni sahihi, ila una mtego wake. Presha ikiwa 10, maji hushuka 5 upande mmoja na kupanda 5 upande wa pili. Unasoma tofauti ya pande mbili, husomi upande mmoja. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisoma upande mmoja, nikaandika kwenye ripoti kwamba mashine inatoa nusu ya inavyotakiwa, nikaipandisha. Bosi wangu aliipima tena kabla haijaondoka. Hakunifokea. Aliniita tu jina hilo, "Nusu", kwa miezi kadhaa.

"Nimeweka kiganja, inapuliza vizuri sana"

Kiganja kinapima mkondo wa hewa, hakipimi presha. Mpira ukiwa wazi mwisho wake, hewa inakimbia kwa kasi lakini presha pale kwenye ncha inakaribia sifuri, kwa kuwa hakuna kinachoizuia. Mashine nyingi za sasa zikiona hivyo hudhani barakoa imevuliwa, na nyingine hujizima. Pampu ya baiskeli ina tabia hiyohiyo: ukiipiga hewani ni nyepesi kama mchezo, ichomeke kwenye tairi ndipo utoke jasho. Presha inazaliwa pale hewa inapokutana na kizuizi. Ndiyo maana kipimo hufanywa barakoa ikiwa imevaliwa, au kwa kifuniko maalumu chenye tundu dogo linaloigiza barakoa.

"Inaanza kwa unyonge, feni imekufa"

Mara nyingi haijafa. Mashine imepangwa kuanza chini, kwa kawaida 4, na kupanda kidogo kidogo kwa dakika kadhaa, hata 45, ili usingizi ukukute kabla upepo haujakolea. Ile ya kulegeza wakati wa kutoa pumzi nayo hushusha presha kwa 1 hadi 3 kila unapopumua nje. Ukipima hizi zikiwa zimewashwa utapata namba ndogo na utailaumu mashine bure.

Zile zinazojirekebisha zenyewe zinachanganya zaidi. Mtu kaandikiwa 6 hadi 14, anapima saa 4 asubuhi akiwa macho, anapata 6, anakuja juu. Sasa ukiwa macho koo lako halijifungi, mashine ipande kwa sababu gani? Inakaa chini inasubiri. Kama unataka kuipima hiyo, fundi aiweke kwa muda kwenye presha moja isiyobadilika.

"Barakoa inavuja, niizibe"

Hapa naomba tusimame, kwa sababu hili linaweza kumdhuru mtu.

Shemeji yangu alilalamika kwamba hewa inamtoka kwenye vitundu vidogo mbele ya barakoa na inampuliza mkewe usoni. Akavibandika plasta, vyote. Alipojaribu kulala aliamka kichwa kinamgonga, akahisi anakosa hewa. Vile vitundu vimetobolewa kiwandani kwa makusudi: hewa uliyokwisha kuitumia inatokea hapo. CPAP ina mpira mmoja tu, haina njia nyingine ya kutolea hewa chafu. Ukiviziba, unavuta tena kile ulichotoa. Mashine inajua vitundu vipo, na hesabu yake ya presha imevihesabu tayari.

Uvujaji wa kutafuta ni ule wa pembeni: mkanda umelegea, silikoni imechakaa, ndevu, mdomo kuachama usiku. Mashine hujitahidi kufidia kwa kuongeza kasi ya feni, na hufika mahali inashindwa. Hapo kioo kinaweza kusema 12 na pua ikapata pungufu. Kwa hiyo kabla ya kulaumu feni, angalia takwimu za uvujaji za wiki nzima. Angalia pia chujio. La huku kwetu kwenye vumbi linageuka kuwa kipande cha blanketi mapema kuliko kijitabu cha mashine kinavyosema. Na ukilala na AC huku tangi la unyevu limewekwa kwenye kiwango cha juu, mvuke unapoa ndani ya mpira na kugeuka maji. Ukisikia mpira unagugumia kama kiko cha mtemba, presha nayo inayumba.

"Hii presha itanipandishia presha"

Lugha yetu imetuponza hapa. Neno ni moja, mambo ni mawili. Mama mmoja alikataa katakata kuvaa barakoa kwa sababu aliambiwa "presha yako iwe 12," na yeye tayari anameza dawa za presha. Presha ya 12 ya mashine, ukiigeuza kwa kipimo cha daktari wa moyo, haifiki hata milimita 9 za zebaki, na ni ya hewa kooni, si ya damu kwenye mishipa. Isitoshe, kukatikiwa na pumzi usiku ni moja ya vitu vinavyopandisha shinikizo la damu. Wengi wanaotumia CPAP kila usiku huliona likishuka, ingawa ni kidogo na haliwi sababu ya kuacha vidonge.

"Dar au Mbeya, mashine ni ileile"

Za kisasa, ndiyo: hupima hali ya hewa zenyewe na kurekebisha kasi. Za zamani, hapana. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na feni inayozunguka kwa kasi ileile ya Dar inatoa presha pungufu kwa karibu asilimia 15. Yaani 10 ya Kariakoo inakuwa 8.5 ukifika Uyole. Baadhi ya mashine hizo zina sehemu ya kuchagua mwinuko kwa mkono, na aliyepanda basi nayo huwa hana habari. Msafiri wa Nairobi kutoka Mombasa yumo kwenye hesabu hiyohiyo. Jagi halidanganyiki na mlima, sentimita 10 za maji ni 10 popote.

"Ya shangazi imetumika miezi miwili tu"

Mashine za mtumba zinakuja kwa mabegi kutoka Uingereza, Marekani na Ghuba, na siwalaumu wanaozipokea, bei ya mpya inajulikana. Lakini ndani yake bado kuna maagizo ya shangazi. Nimefungua moja ikiwa na 16, na kijana aliyekuwa akiitumia hajawahi kupimwa usingizi hata siku moja. Alichokuwa akilalamikia ni tumbo kujaa gesi kila asubuhi. Alikuwa anaimeza hewa.

Angalia pia mpira. Kuna wa milimita 22 na kuna mwembamba wa 15, na mashine nyingi zinataka ziambiwe upi umechomekwa. Ukiweka mwembamba bila kuiambia, presha kwenye barakoa inapungua kila unapovuta pumzi. Adapta isome 100–240V. Na kama ni Philips iliyotengenezwa kabla ya mwisho wa Aprili 2021, tafuta namba yake ya utambulisho kwenye tovuti ya kampuni: Juni 2021 waliziita mamilioni ya mashine zirudishwe, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa ikimomonyoka na vipande vyake vingeweza kuvutwa na mgonjwa. Hiyo haiponi kwa kubadilisha chujio, na jagi haliwezi kuigundua.

"Nikiongeza kidogo nitapona haraka"

Profesa Colin Sullivan wa Sydney, aliyebuni tiba hii na kuichapisha mwaka 1981, aliwatibu wagonjwa wake watano wa kwanza kwa presha ya kati ya 4.5 na 10. Walikuwa na ugonjwa mkali. Presha sahihi ni ile ndogo kabisa inayoliacha koo wazi, na haipatikani kwa kuangalia kilo za mtu wala kwa kuiga ya jirani. Inatafutwa usiku, mgonjwa akiwa amelala na waya mwilini, au kwa mashine ya kujirekebisha kwa wiki moja mbili. Ikizidi, barakoa inaanza kuvuja, tumbo linajaa, na kuna watu ambao ubongo wao husahau kuamuru pumzi.

Kwa hiyo kupima, pima hata kila mwezi ukitaka. Namba ni ya daktari. Yule mzee wa khanga nilimrudishia mashine na 11 yake, nikamuuzia chujio jipya, akauliza kama ninaweza kumpa na lile jagi.