Kutyuni bunduki ya upepo ya springi: maana yake na kazi yenyewe

Mtu akisikia bunduki ya upepo imetyuniwa, mara moja hudhani imeongezwa nguvu. Maana halisi ni nyingine. Kutyuni ni kuhakikisha nguvu iliyomo kwenye springi inaifikia risasi badala ya kupotea njiani kwa mtikisiko, kelele, msuguano na hewa inayovuja. Bunduki iliyotyuniwa vizuri inaweza kutoa kasi ileile ya awali, hata pungufu kidogo, lakini hukokiwa (yaani springi hubanwa tayari kwa kufyatua) kwa ulaini, hufyatuka kwa mlio mfupi mkavu, na risasi zake hukaribiana kwenye shabaha.

Ovahoo ni jambo la jirani, ila si lilelile. Ovahoo ni kufungua, kusafisha na kubadilisha vilivyochakaa: springi, sili (kizuizi cha hewa isivuje) ya pistoni, sili ya mtutu. Kutyuni huja baada ya hapo, na kazi yake kubwa ni kuvifanya vipuri vikaane sawasawa.

Ili kuelewa kwa nini, tazama kinachotokea triga inapovutwa. Springi huisukuma pistoni mbele ndani ya silinda, hewa iliyo mbele yake inabanwa na kupata joto la mamia ya digrii, kisha inapita kwenye tundu jembamba hadi nyuma ya risasi. Kabla pistoni haijagusa mwisho wa silinda, hewa hiyo huwa kama mto wa kulalia unaoipokea, hata kuirudisha nyuma kidogo. Yote haya huisha ndani ya milisekunde chache. Bunduki nzima huruka nyuma, kisha mbele, na ndiyo sababu darubini isiyotengenezwa kwa mshtuko wa pande zote mbili huharibika haraka juu yake.

Mto huo wa hewa hutegemea risasi kuziba njia. Ukifyatua bila risasi, hewa inakimbia na pistoni inagonga chuma kwa nguvu zote. Sili hupasuka na springi huweza kuvunjika. Bunduki nyingi zinazohitaji ovahoo mapema zimeharibiwa hivyo.

Kabla ya kufungua chochote, kaza skrubu za kitako. Skrubu zilizolegea hutawanya risasi kiasi cha kumfanya mtu adhani springi imekufa. Kisha pima kasi kwa kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya risasi, risasi 10 za aina moja, uandike wastani na tofauti kati ya ya juu na ya chini. Bila namba hizo hutajua kama kazi yako imesaidia au imeharibu. Mwisho, weka kipande cha karatasi laini ya tishu juu ya kiungo cha mtutu na silinda, ufyatue ukiwa na risasi ndani na shabaha salama mbele. Karatasi ikirushwa, sili ya mtutu inavuja. Ibadilishe, au weka wosha nyembamba chini yake ili isimame kidogo zaidi. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingine ndiyo yote iliyohitajika.

Kufungua ndiko kwenye hatari. Hata bunduki isipokokiwa, springi imebanwa ndani kwa sentimita kadhaa, na pini au kizibo kinachoishikilia kikichomolewa ovyo, vyuma huruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Tumia kibano kirefu cha seremala, au fremu ya mbao yenye boliti ndefu ya nyuzi, ibane springi kwanza ndipo utoe pini, kisha legeza mzunguko mmoja mmoja hadi springi iishe mkazo. Usikae nyuma ya bunduki wakati huo. Hakikisha pia haina risasi na haijakokiwa.

Springi ikitoka, iviringishe juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda, na hakuna kuinyoosha, nunua nyingine. Ncha zake ziwe bapa, zisuguliwe kwa msasa laini mpaka zing'ae, kwa sababu springi hujizungusha kidogo inapobanwa na ncha yenye makali hukwaruza kila inachogusa.

Hapa tunafika kwenye kiini cha kutyuni: mhimili wa springi, ile bomba au fimbo inayopita katikati yake. Springi inayocheza juu ya mhimili hutetemeka kama waya wa gitaa baada ya kila mfyatuo, na ule mlio wa "twaang" ndio nguvu inayopotea. Mhimili mzuri huingia kwa kusukumwa na kuzungushwa kidogo kwa mkono, bila nyundo. Ukiwa na mashine ya kukereza, chonga mwingine wa plastiki ngumu kama asetali au nailoni kwa kipimo cha springi yako. Hakuna badiliko lingine linaloleta tofauti kubwa kama hili, na kabla ya kufikiria springi kali zaidi, anzia hapa.

Sili mpya ya pistoni mara nyingi huja ikiwa nene kupita kiasi. Isukume kwenye silinda kavu na safi: iende kwa kidole gumba kwa ukinzani wa wastani. Ikigoma, ipunguze kwa msasa namba 400 huku ukiizungusha, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Ikibana sana pistoni hupunguza mwendo; ikilegea, hewa hupita pembeni. Kisha kuna lile kosa linaloumiza moyo: kuikata sili wakati wa kuirudisha. Mlango mrefu kwenye silinda, unamopita mkono wa kukokia, una kingo kali kama wembe. Ziondoe makali kwa tupa ndogo na msasa, na wakati wa kuingiza pistoni zifunike kwa kipande cha plastiki nyembamba utakachokivuta baadaye.

Kuhusu grisi, kasoro ya kawaida ni kuzidisha. Paka grisi ya molibdeni, utando mwembamba tu, kwenye sehemu za pistoni zinazogusa silinda, kwenye mhimili na kwenye viungo vya mkono wa kukokia. Springi yenyewe hupata grisi nzito inayonata, kiasi cha kufuta mlio wa mwisho. Ikizidi hupunguza kasi. Mbele ya sili ya plastiki usiweke kitu. Kwenye joto lile mafuta huwaka yenyewe, sawasawa na injini ya dizeli isiyo na plagi: utasikia mlipuko, utaona moshi mdomoni mwa mtutu, na kasi itapanda na kushuka bila mpangilio. Sili ya ngozi ndiyo pekee inayohitaji matone machache ya mafuta ili isikauke.

Ukitaka kubadilisha mkazo wa springi, ongeza au punguza wosha ya milimita 1 au 2, kisha pima kasi tena. Lakini piga hesabu kwanza. Springi yenye waya wa milimita 3.2 na mizunguko 32 haiwezi kubanwa chini ya milimita 102.4, maana hapo waya umegusana na waya. Kama nafasi inayobaki bunduki ikiwa imekokiwa haizidi kipimo hicho, hutaweza kukoki, na ukilazimisha utapinda mkono wa kukokia.

Nguvu hupimwa kwa jouli: nusu ya uzito kwa kilogramu mara kasi kwa kipeo cha pili. Risasi ya gramu 0.547 ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde ina jouli 15.75. Namba hii ina uzito wa kisheria pia. Uingereza, bila kibali maalumu, kikomo cha bunduki ndefu ya upepo ni futi-pauni 12, yaani karibu jouli 16.3, Ujerumani mpaka wa zinazouzwa bila leseni ni jouli 7.5. Jua kikomo cha mahali ulipo kabla ya kuongeza wosha.

Triga iache. Nyuso zinazoshikana ndani yake zimefanywa ngumu kwa joto kwenye tabaka jembamba tu. Ukizisugua unaondoa tabaka hilo, na chuma laini kilichobaki huteleza. Bunduki ya mtutu unaokunjwa ikijifyatua wakati kidole chako kiko kwenye tundu la risasi, mtutu hujifunga kwa nguvu ya kukata kidole. Ndiyo maana pia, hata kwenye bunduki nzima kabisa, mtutu hushikwa kwa mkono mmoja muda wote wa kupakia.

Baada ya kufunga, usiamini vipimo vya siku ya kwanza. Masalia ya grisi huwaka na kasi huwa juu. Piga risasi mia hivi, ndipo urudie zile 10 kwenye kronografu. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ikiwa imebaki kubwa, rudi kwenye sili ya pistoni na usafi wa silinda, springi haihusiki.