Umbo Dogo na Usemi Uliochelewa: Dhana Potofu na Ukweli

Wazazi wengi wa watoto wa miaka 2 hadi 5 huhangaishwa zaidi na mwili wa mtoto kuliko usemi wake, ilhali mara nyingi usemi ndio unaohitaji kuangaliwa mapema.

Hudhaniwa kwamba mtoto anayekula kidogo na asiyenenepa hakui. Ukweli ni kuwa kasi ya ukuaji hupungua sana baada ya mwaka wa kwanza: mtoto ambaye uzito wake wa kuzaliwa uliongezeka takriban mara tatu alipotimiza mwaka, akishapita miaka 2 huongeza kama kilo 2 tu kwa mwaka, na hamu yake ya chakula hushuka vilevile. Kumlinganisha na mtoto wa jirani hakusaidii, kwa kuwa kimo hutegemea sana urithi. Kinachotazamwa ni mwelekeo wa mstari kwenye kadi ya kliniki. Anayefuata mstari wa chini mwaka hadi mwaka huenda ni mdogo wa umbo tu. Aliyekuwa juu, kisha mstari wake ukalala au ukashuka, apelekwe kwa daktari hata kama bado anaonekana mnene. Kipimo kimoja, tena cha mtoto aliyesimama na viatu, hakitoshi kumtia mtu hofu.

"Ataongea tu, hata baba yake alichelewa." Kauli hii hutolewa kwa nia njema, nayo hupoteza miezi ya thamani. Ni kweli kwamba baadhi ya watoto waliochelewa huwafikia wenzao bila msaada, na kwamba wavulana kwa wastani hutanguliwa kidogo na wasichana, lakini kwa kumtazama tu hakuna awezaye kujua ni yupi atakayefikia. Kufikia miaka 2 mtoto hutarajiwa kuwa na maneno kama 50 na kuunganisha mawili, mfano "mama njoo"; kufikia miaka 3, hata asiyemzoea aelewe sehemu kubwa ya anayosema. Aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza hasubiriwi kabisa, awe na umri wowote.

Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto anasikia vizuri kwa sababu hugeuka mlango unapobamizwa. Majimaji yanayobaki nyuma ya ngoma ya sikio, mara nyingi baada ya maambukizi, hufifisha sauti bila kuizima, hivyo mtoto husikia kishindo lakini hukosa sauti hafifu kama s na f, na maneno humfikia nusunusu. Kwa kuwa hali hiyo huja na kuondoka, leo ataitwa mkaidi na wiki ijayo msikivu. Usikivu upimwe kwanza, kabla ya kukimbilia kukata utando ulio chini ya ulimi, ambao ukiwa mfupi unaweza kutatiza matamshi ya baadhi ya sauti lakini haumzuii mtoto kujifunza maneno.

Lugha mbili nyumbani hazicheleweshi usemi. Maneno ya zote mbili huhesabiwa pamoja. Televisheni, ambayo wengine huitegemea kama mwalimu, haimjibu mtoto wala haimsubiri ajibu, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 ya skrini kwa siku.

Anayekwenda kumwona mtaalamu aandike mapema maneno yote ambayo mtoto hutumia mwenyewe bila kuiga, hata yale yanayoeleweka nyumbani pekee, na aibebe kadi ya kliniki.