Tuulize pia habari za imani

Watu wengi wa Bukavu wanaofika kwa mwanasaikolojia wamekwisha kupitia chumba cha maombi, shirika la parokia au msikiti. Wamefunga, wameombewa, wengine wamekesha. Mbele yetu sisi wanasaikolojia hawayataji hayo, wakidhani kwamba mtaalamu hataki kusikia habari za Mungu. Sisi nasi mara nyingi hatuulizi, na kwa kutouliza tunapoteza mengi.

Mtu aliyepoteza nyumba au mtoto tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 hasumbuliwi na ndoto mbaya na moyo kupiga mbio tu. Anajiuliza amemkosea Mungu nini. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Anayehisi kwamba Mungu yuko naye, na kwamba waumini wenzake wanamshika mkono, huwa anastahimili vizuri zaidi. Anayeamini kwamba ameadhibiwa au ameachwa huwa na huzuni nzito zaidi. Kwa hiyo kumuuliza mtu anasali wapi hakutoshi. Muulize: imani yako inakupa nguvu gani siku hizi? Ni wapi inakulemea? Una watu wa kusali nao? Ungependa tuizungumzie hapa, au tuiache? Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua. Akisema tuiache, tunaiacha, na anahudumiwa sawa na wengine.

Kuhusu vikundi, ushahidi tunao wa hapa hapa Kivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wanawake wa vijijini waliotendewa ukatili wa kingono. Baadhi walikutana katika vikundi vya watu 6 hadi 8 kwa tiba ya kuyapima mawazo yao; wengine walipata msaada wa mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya matibabu, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100 katika vikundi, na 42 kwa 100 kati ya wale wengine.

Tiba ile haikuwa ya dini. Ilifundisha kupima wazo kama "ni kosa langu". Lakini kwetu wazo hilo mara nyingi huja kwa maneno ya dini: "Mungu amenilaani." Linapimwa vilevile. Nani alikuambia hivyo? Jirani yako aliyepatwa na haya haya, naye ungemwambia amelaaniwa? Mara nyingi mama aliyeketi kando yake hujibu kabla ya mwanasaikolojia, na neno lake huingia kuliko letu.

Katika vikundi vyetu tunaketi kwenye mabenchi yaliyopangwa duara. Tunafungua kwa wimbo ambao wamama wenyewe wameuchagua. Kukiwa na watu wa dini mbalimbali, au asiyesali, tunaanza kwa kunyamaza na kupumua polepole, na katika kimya hicho kila mtu anafanya lake. Sheria iliyo ngumu kuishika kuliko zote ni hii: anayelia asinyamazishwe kwa andiko. "Usilie mama, Mungu yupo" husemwa kwa upendo, lakini humfunga mdomo mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Zaburi zenyewe zina watu wanaomlalamikia Mungu na kumuuliza atawasahau hata lini, na hakuna anayewaita wakosefu wa imani.

Mwanasaikolojia hahubiri, hatabiri, wala hamgeuzi mtu dini, hata kama Jumapili ni mwimbaji wa kwaya. Mtu aliyeumizwa ni rahisi kumvuta, na kuutumia udhaifu wake ni kumdhulumu.

Kuna pia maombi yanayoumiza, na ni lazima tuseme wazi. Mwenye kifafa anaambiwa aache dawa ili aonyeshe imani. Mgonjwa wa akili anafungwa kamba na kunyimwa chakula ili pepo atoke. Mtoto anaitwa mchawi, jambo ambalo sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto inalikataza.

Wachungaji, mapadri na maimamu, ninyi ndio watu huwaendea kwanza. Mtu akisema anataka kujiua, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akikaa siku kadhaa bila kulala wala kula, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, au SOSAME, kituo cha afya ya akili cha watawa wa Kikatoliki wa Frères de la Charité hapa Bukavu. Endeleeni kumwombea huku akimeza dawa zake, na mwende kumtazama wodini.