Je, wajua kwa nini ukuta mrefu wa tofali za saruji huachiwa mwanya makusudi?

Pita Nzuguni au Iyumbu, jijini Dodoma, mwezi wa Septemba, uangalie fensi zilizojengwa mwanzoni mwa mwaka. Hukosi kuona ufa uliosimama wima, mwembamba kama uzi, umeshuka toka juu hadi karibu na msingi. Mwenye nyumba atakwambia fundi kaiba saruji. Huenda. Lakini mara nyingi ukuta umepasuka kwa sababu tu umekauka.

Tofali la saruji huzaliwa likiwa na maji mengi. Sehemu yake hutumika saruji inaposhika, yanayobaki hutoka polepole kwa miezi, na kadiri yanavyotoka tofali linasinyaa. Likisinyaa sehemu nne za kumi za milimita kwa kila mita, ukuta wa mita 20 unataka kufupika kwa milimita 8. Utafupikaje? Chini umeshikwa na msingi, ambao uko ardhini kwenye unyevu na haufupiki nao. Saruji hustahimili sana kukandamizwa, ila ikivutwa ni dhaifu, basi inaachia.

Hali ya hewa ya Dodoma haisaidii. Mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kisha ni jua na upepo mkavu. Usiku wa Julai ni baridi, alasiri ukuta unaotazama magharibi unaungua. Kila joto likibadilika nyuzi 10, mita 10 za ukuta hutanuka au kunywea kama milimita 1.

Ujanja, basi, ni kuupasua ukuta kabla haujajipasua. Fundi huacha mwanya wima wa milimita 10 hivi kuanzia juu ya msingi, tofali za pande mbili zisishikane. Ili upande mmoja usiyumbe, hulazwa vipande vya nondo laini vinavyovuka mwanya, nusu moja ikipakwa grisi iweze kuteleza. Mwanya hujazwa kamba ya povu, kisha silikoni. Kuuziba kwa mchanga na saruji ni kazi bure: umeunganisha tena ulichokitenganisha. Lipu nayo ikatwe hapo hapo, la sivyo itajikata yenyewe, tena kwa kupindapinda.

Uachwe kila baada ya umbali gani? Waingereza hukadiria mita 6 hivi. Wamarekani, kwa ukuta wenye vyuma vyembamba vya mlalo, husema usizidi mara moja na nusu ya kimo cha ukuta, wala mita 7.6. Kwenye fensi ningeuweka ubavuni mwa nguzo, hauonekani sana. Ukuta unapobadilika kimo pia ni mahali pake, na pembeni mwa dirisha kubwa, maana kona za dirisha ndizo hupasuka kwanza. Lenta ya nyumba, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, usiikate bila kumuuliza mhandisi. Nyumba ndogo yenye kona nyingi kwa kawaida haihitaji haya yote; tofali zimwagiliwe vizuri, kisha ziachwe zikauke kabla ya kujengwa.

Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata maungio ya tofali, ni kesi nyingine. Hapo kwa kawaida msingi ndio umesogea, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa mvua na kunywea kiangazi, na mwanya huu hauuzuii.