Jicho limeacha kuuma, je, limepona?

Neva za konea zina kazi gani?

Konea ni utando mwangavu unaofunika mboni ya jicho. Unene wake ni kama nusu milimita na hauna mishipa ya damu, lakini una neva nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Neva hizo huleta maumivu, huamsha machozi, hufanya kope zipepese, na hutoa kemikali zinazolisha seli za konea. Zikiharibika, hata mchubuko mdogo hukawia kufunga.

Maambukizi gani huziharibu?

Zaidi ni virusi vya tutuko, vile vya malengelenge ya mdomoni, na virusi vya tetekuwanga, ambavyo huweza kuibuka miaka mingi baadaye kama mkanda wa jeshi. Vyote hujificha kwenye neva ya usoni inayoleta hisia kwenye konea, na vikiamka husafiri kwa njia hiyohiyo hadi jichoni. Bakteria nao huharibu neva, na fangasi pia, wanaoingia kwa mfano mkulima akichomwa jichoni na bua.

Nimetokwa na mkanda wa jeshi usoni. Jicho limo hatarini?

Tazama pua. Vipele kwenye ncha au ubavu wake ni onyo kubwa, maana tawi la neva linalofika hapo hufika na jichoni. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson aliieleza dalili hii katika karne ya 19. Lakini pua safi isikupe utulivu. Nenda hospitali siku hiyohiyo: vidonge vya asiklovia, dawa ya kuzuia virusi hivyo, hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72. Na ukiwa bado kijana, kubali kupimwa VVU, kwa kuwa mkanda wa jeshi hujitokeza kirahisi kinga ikishuka.

Jicho liliuma sana, sasa haliumi ila naona ukungu. Si ndiyo kupona huko?

Swali hili ndilo linalonipa hofu kuliko yote. Neva zikifa, kidonda huweza kuchimba konea mpaka ikatoboka na mgonjwa asihisi kitu. Wekundu ukibaki, au uwezo wa kuona ukipungua, hilo jicho linaumwa. Daktari atagusa konea kwa ncha ya pamba kabla ya kutia ganzi, kisha ataweka rangi inayoonyesha kidonda. Usijipime nyumbani.

Nikanunue dawa ya matone?

Tafadhali, usinunue bila kupimwa. Matone yenye steroidi huondoa wekundu upesi huku virusi vikizaliana. Matone ya ganzi yakitumiwa kila siku huharibu konea. Majani na mkojo huingiza vijidudu vipya.

Neva huota tena?

Huota polepole, kwa miezi, na mara nyingi hisia hairudi yote. Kwa sasa tiba ni machozi bandia yasiyo na vihifadhi, mafuta ya macho usiku, na pengine kushona kope kwa muda ili konea ifunikwe. Wengi hukataa kushonwa kwa sababu ya sura. Naomba wakubali: nyuzi hufunguliwa baadaye, na jicho huokolewa. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha senejamini, matone yenye protini ya kukuza neva, lakini bei yake ni kubwa mno.

Aliyepoteza hisia avae miwani ya kinga shambani na kwenye pikipiki, na kila asubuhi ajitazame kwenye kioo. Akiona wekundu au doa jeupe, aende kliniki ya macho siku hiyo.