Safari ya Pili ya Mhadhiri

Mhadhiri akishuka gatini Kizingitini, huko Lamu katika pwani ya Kenya, na wanafunzi wake, wazee humkaribisha, hujibu maswali yake, kisha nao huuliza lao: "Mtarudi lini?" Hapo wengi wetu huinamisha kichwa. Bajeti ina nauli, posho na madodoso. Nauli ya kurudi kueleza yaliyopatikana haimo.

Kazi yangu ni kuwasaidia wahadhiri wanaofundisha na kutafiti pamoja na jamii. Ningeambiwa niombe chuo jambo moja tu, ningeomba safari hiyo ya pili iwekewe fedha kabla ya kuidhinishwa ya kwanza.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, ni lazima, lakini hakimpigii mtu hodi. Kwenye uvuvi anza na BMU, vikundi vya usimamizi wa fuo vilivyowekewa kanuni mwaka 2007. Ukitaka kuandika maarifa ya jadi, tuseme dawa za miti shamba, sheria ya mwaka 2016 inataka ridhaa ya wenyewe kwanza. Hiyo haipatikani kwa sahihi za haraka haraka huku nahodha akiita kwamba maji yanakupwa.

Kisha kuna kalenda. Muhula wa Mei huangukia kusi: bahari imechafuka, mzamiaji wa kamba-mawe haoni mbele. Anayehesabu kamba wakati huo huondoka na takwimu za msimu mbaya akidhani ndio mwaka mzima. Kaskazi maji yakitakata, mvuvi hana nafasi ya mahojiano. Basi kusi zungumzeni, kaskazi pimeni. Mpanga ratiba aelezwe hivyo, hata akicheka.

Kamati za vyeo nazo hupenda kuhesabu makala za majarida. Ramani ya miamba ya uvuvi iliyochorwa na wavuvi pamoja na wanafunzi itaandikwa wapi kwenye fomu? Na si karatasi ya mchezo: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari. Kwenye madai kama hayo, nani alivua wapi ni swali la pesa.

Safari ya pili haihitaji makuu. Karatasi moja ya Kiswahili, herufi kubwa, ibandikwe ofisini kwa BMU. Kisha keti barazani baada ya alasiri, ukosolewe. Kosa la kwanza watakaloliona, mara nyingi, ni jina la mwamba mlilolikosea.